Diski ya Pili

Haya yalimfika rafiki yangu Osée, fundi redio wa Bunia, mwaka ule vita vilipoingia mjini. Mke wake, Carine, alikwenda kuteka maji asirudi. Osée akaamua kujiundia kompyuta ya kuandikia majina ya waliopotea: diski moja ya majina, nyingine ya nakala, ili majina yasije yakapotea kama wenyewe.

Sokoni vitu vya kuporwa vilitandazwa chini kama mihogo. "Hii iko muzuri, papa," muuzaji alimwambia akimpa diski ya pili. "Lakini usiulize ilitoka wapi."

Osée hakuuliza. Nani aliuliza siku zile?

Adhuhuri risasi zikaanza kulia. Akafunga madirisha ya mbao, akawasha jenereta, akaiweka diski ya pili pembeni mezani na kuandika majina. La Carine aliliogopa, akaliacha la mwisho.

Alipoliandika tu, kitu kikaanza kuvuma. Akazima jenereta. Kompyuta ikafa, giza likamfunika, lakini mvumo haukukoma. Akapapasa meza mpaka akaigusa diski ya pili. Ilikuwa vuguvugu kama kiganja cha mtu, inazunguka, na hakuna waya hata mmoja aliokuwa ameiunga nao.