Mlango Uliokataa Kufunga

Kila akitoka shule, binti wa kidato cha pili alipitia karakana ya shangazi yake, fundi seremala, akaketi juu ya mbao kufanya kazi za nyumbani. Siku hiyo alifika akiburuta miguu.

"Thibitisha, thibitisha! Jiometri imenichosha, shangazi. Muhula ujao naliacha somo hili."

Shangazi alikuwa akiuranda mlango uleule kwa mara ya tatu, mgongo ukimuuma. Akiujaribu kwenye fremu, ulibana juu na kuacha mwanya chini. Mwenye mlango, mshonaji wa jirani, angeufuata jioni hiyo, na mdomo wake ulikuwa redio. Mlango ukikataa tena, mtaa mzima ungeambiwa fundi amechuja.

"Ukizidi kuuranda, utabaki kibao cha kukatia nyanya," binti alimtania.

"Nyamaza wewe! Fremu nimeipima. Marefu sawa, mapana sawa, na kona nimezikagua kwa skwea."

"Ile skwea iliyoanguka juzi? Huenda imepinda."

Binti alitazama daftari lake. Swali lilihusu jambo hilohilo: pande zinazokabiliana zikiwa sawa, umbo bado laweza kulala upande. Ni mstatili kamili iwapo tu vipimo vya kona kwa kona navyo vinalingana.

"Tuipime kona kwa kona, shangazi."

Walitandaza futi kamba. Kona hii hadi ile, sentimita mia mbili ishirini na moja. Zile nyingine mbili, mia mbili kumi na saba na nusu.

"Mlango hauna kosa," binti alisema. "Fremu ndiyo imelala."

"Na mimi nauchuna tu, maskini!"

Shangazi aligonga fremu kwa nyundo ya mbao, wakapima, akagonga tena, hadi vipimo vikalingana. Kisha akabandika ubao mwembamba pale aliporanda bure.

Mshonaji alipokuja, aliusukuma mlango kwa kidole kimoja. Ukajifunga taratibu. Akatafuta kasoro, wapi!

"Leo umeninyima la kusimulia," alisema.

Alipoondoka, shangazi aliketi kwa kishindo, akajifuta jasho.

"Mwanangu, mkono wangu unajua kazi ilimradi chombo ni kizima. Kikiharibika, nabaki kuranda tu. Wewe ulijua sababu. Kujifunza kunachosha, sikatai, lakini kutojua kunachosha zaidi. Usiliache hilo somo."

Binti alipiga miayo mirefu, akafungua ukurasa uliofuata.