Wiki Mfereji Ulipokauka

Kazi ya kwanza ya Mize kila asubuhi ilikuwa kuteka maji. Baada ya sala ya alfajiri alijifunga kanga kiunoni, akachukua ndoo, akashuka njia ya nyuma ya nyumba hadi kisimani. Kabla ya masika ya mwaka ule alikuwa na mfuasi. Mdogo wake Jaribu, mtoto wa miaka minne, akisikia tu mlio wa ndoo aliruka kitandani na kudai naye apewe chake cha kubeba. Mize alimpa kikopo, na Jaribu alikuwa akijimwagia maji yote tumboni kabla hajafika mlangoni, kisha anamlaumu dada yake. Sasa Mize alikwenda peke yake, na njia ile fupi ilikuwa ndefu kwake.

Kisima kilikuwa cha Mzee Ngwali, babu yake mzaa mama. Alikichimba kwa mikono yake, na kabla ya kufa alikiacha kiwe sadaka, kila mwenye kiu anywe asiulizwe. Katika mtaa wao mdogo uliokuwa kando ya Pujini, mtu hakuinua ndoo bila kusema, "Mungu amrehemu Mzee Ngwali." Bi Mwatima, mjane wa mzee yule, alizisikia dua hizo akiwa barazani akisuka ukili wa mikeka, na zilimshibisha kuliko wali.

Masika hayo yalikuja kwa vishindo. Radi iliipiga mashine ya kusukuma maji ya bomba, na mifereji ya mtaa mzima ikakauka. Watu wote wakarudi kisimani. Haukupita muda watoto wakaanza kuharisha, mmoja huku, mwingine kule. Jaribu alianza asubuhi, na ilipofika magharibi macho yake yalikuwa yameingia ndani. Baba yake alimbeba mbio kumpeleka hospitali, lakini mwili wake mdogo ulikuwa umeshakauka. Kesho yake wakamzika. Waliokuja kutoa pole walisema ahadi yake imefika. Hakuna aliyeuliza mtoto alikunywa maji gani, maana swali kama hilo haliulizwi matangani.

Mashine ilipotengenezwa, bwana afya wa wilaya, Bwana Mabruki, aliiomba kilabu ya afya ya shule imsaidie. Wanafunzi wapite nyumba kwa nyumba, waulize ni watoto wangapi waliougua, wiki gani, na nyumba ilikuwa ikiteka maji wapi. Mwalimu Silima, mwalimu wa hesabu, alimwambia Mize kwamba anaweza kupumzika. Mize alikataa. Alitaka kazi yoyote ya kumtoa nyumbani, ambako viatu vidogo bado vilikuwa mlangoni. Basi akapangiwa mtaa wake mwenyewe, pamoja na mwanafunzi mwenzake Kificho, mvulana aliyeweza kusema kutwa bila kuvuta pumzi.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bi Tatu, jirani yao. Mwanawe Pandu aliugua, akapona.

"Na maji mlikuwa mkiteka wapi, Bi Tatu?" aliuliza Kificho.

Bi Tatu alimtazama Mize, akaitazama miimo ya mlango, akautazama ua. "Mferejini," alisema. "Andika mferejini, mwanangu."

Nyumba ya pili wakaambiwa mferejini, na ya tatu vilevile. Kila aliyeulizwa alimtazama kwanza Mize, mjukuu wa mwenye kisima, mtoto aliyetoka kufiwa, kisha akajibu. Nani angekuwa na uso mkavu wa kusema, mbele ya msichana yule, kwamba sadaka ya babu yake imewatia watoto maradhi? Walipofika kwao, Mize hakuuliza mtu. Aliandika mwenyewe: mfereji.

Kilabu ilikuwa na kompyuta moja tu, nayo ilikuwa kuukuu. Mwalimu Silima aliwafundisha kupanga majibu katika lahajedwali. Kila nyumba ilikuwa na mstari wake. Safu ya kwanza ilikuwa jina la nyumba, ya pili wiki, ya tatu mahali pa kuteka maji, na ya nne idadi ya watoto waliougua.

"Jedwali hili ni kama karani mtiifu," alisema Mwalimu. "Halijumlishi kila kitu ovyo. Mpe sharti, atakutafutia mistari inayolitimiza tu, akujumlishie. Kificho, mpe sharti moja. Maji ya mfereji."

Kificho alibonyeza, na jumla ikatokea: watoto thelathini na wanane. Walipoandika kisima, ikatokea sifuri.

"Basi tumeshajua," alisema Mwalimu. "Kesho kutwa Bwana Mabruki akija tutamwambia tatizo ni mfereji, atie dawa kwenye tangi. Lakini sharti moja huwa linadanganya. Tuongeze la pili. Mfereji, na wiki ya tatu ya masika."

Jumla mpya ilikuwa ishirini na tisa. Kificho alitumbua macho, kisha akaangua kicheko.

"Mwalimu, kompyuta imechanganyikiwa! Wiki ya tatu mfereji haukudondosha hata tone. Mashine ilikuwa imepigwa radi!"

Darasa zima likacheka. Mwalimu Silima, ambaye alikuwa akiishi Gombani, si mtaani hapo, na hakujua habari za mashine ile, hakucheka.

"Kompyuta inajumlisha kile tunachoilisha," alisema polepole. "Watoto ishirini na tisa waliugua wiki ambayo mfereji ulikuwa mkavu. Sasa niambieni, walikunywa maji gani?"

Kicheko kilikatika. Wengine wakatazama dari, wengine kucha zao. Hakuna hata mmoja aliyemtazama Mize, na hapo ndipo Mize alipojua kwamba wote wanajua.

Wenzake walipotoka, alibaki amesimama karibu na meza. "Mwalimu, kama dawa itatiwa kwenye tangi tu, kisima kitakuwaje?"

"Kitabaki kama kilivyo," alijibu Mwalimu. "Kwa mujibu wa jedwali letu, kisima hakijamdhuru mtu."

Mize alishika njia ya nyumbani. Alipopita kwa Bi Tatu alisikia mtoto akilia kwa sauti nyembamba ya kuchoka. Pandu alikuwa nje akiosha nepi.

"Mdogo wako ana nini?" aliuliza Mize.

"Anaharisha tangu asubuhi."

Mize aliijua sauti ile, kwani aliisikia kwao siku nzima ya mwisho ya Jaribu. Alikimbia hadi barazani, akamkuta bibi yake na ukili wake.

"Bibi, n'na neno."

"Lisema, mjukuu wangu."

"Mie n'liandika uongo. N'liandika twateka mferejini. Jaribu hakunywa maji ya mfereji, Bibi. N'limtekea mie, kisimani, kwa mikono yangu hii."

Mikono ya Bi Mwatima ilisimama.

"Na weye wataka watu waseme kisima cha babu yako chaua watoto?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Mtu amelala kaburini, hana tena mkono wa kutenda jema ila huo. Wataka kumkatia thawabu zake?"

"Sitaki, Bibi." Mize alikuwa akilia waziwazi. "Lakini mtoto wa Bi Tatu aharisha hivi sasa. Alia vilevile alivyolia Jaribu."

Bi Mwatima aliweka ukili chini. Alijitanda kanga yake, akashuka barazani bila kungoja viatu, na Mize akamfuata.

Bi Tatu alipomwona mlangoni alisimama huku amempakata mtoto, uso umemwiva kwa haya. "Karibu, Bi Mwatima. Karibu ndani."

"Sikuja kukaa, Tatu. N'ambie kweli. Mie mwenye kisima nakupa ruhusa. Maji haya mnayokunywa ni ya wapi?"

Machozi yalimshuka Bi Tatu.

"Ya kisimani, Bi Mwatima. Siye sote twateka kisimani hata sasa, maana mfereji watoka kidogo kidogo. Na Pandu... Pandu aliugua kabla ya Jaribu. Wiki nzima kabla. Maji yalikuwa yanuka wakati ule, n'kajua ndiyo. N'likuja hata mlangoni pako nikwambie. N'kakusikia wamwombea dua Mzee Ngwali. N'kaona haya. N'karudi."

Mize alihisi maneno yale yakimpita kama maji ya baridi. Wiki nzima kabla! Wakati huo Jaribu alikuwa bado anacheza uani.

Bi Mwatima alishika mlango. Angeweza kupiga kelele, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alivuta pumzi, akanyoosha mikono.

"Nipa mtoto," alisema. "Mize, teleka maji yachemke, yapoe, tia chumvi kidogo na sukari. Pandu, kamwite baba yako alete gari. Mtoto huyu aenda hospitali sasa hivi. Kulia tutalia baadaye."

Gari lilipoondoka na Bi Tatu na mwanawe, Bi Mwatima hakurudi nyumbani. Alimshika Mize mkono, wakapita kila nyumba ya mtaa. Kwenye kila mlango alisema maneno yaleyale: "Mie mjane wa Ngwali. Nakuombeni mseme kweli, na maji ya kisima msiyanywe mpaka yapimwe." Watu walishusha macho, kisha wakasema. Mficha maradhi kifo humuumbua, nao walikuwa wameyaficha maradhi kwa adabu, huku kila nyumba ikidhani inamstahi mwenzake.

Kesho yake Mize aliomba kurekebisha jedwali mwenyewe. Mstari kwa mstari, alifuta mfereji akaandika kisima. Alipofika mstari wa nyumba yao aliona katika safu ya nne tarakimu moja tu: 1. Jaribu na vituko vyake vyote, ameingia katika kisanduku kidogo hivyo! Alikiangalia mpaka kikafunikwa na machozi. Mwalimu Silima alimwona, akawatoa wenzake nje taratibu, akamwacha amalize. Kisha wakaweka masharti mawili: kisima, na wiki ya tatu. Jumla ilikuwa ishirini na tisa, na safari hii hakuna aliyecheka.

Bwana Mabruki alikipima kisima siku iliyofuata. Mvua ilikuwa imelijaza shimo la choo kilichokuwa juu ya kilima, na uchafu ukapenya ardhini hadi majini. Kisima kikafungwa. Wanaume wa mtaa walihamisha choo, wakakisafisha kisima, wakakijengea ukuta upya na kukifunika, na hakikufunguliwa mpaka vipimo vilipokuwa safi. Mtoto wa Bi Tatu alirudi kutoka hospitali amekonda, lakini mzima.

Siku kisima kilipofunguliwa, Mize alisimama na bibi yake wakiwatazama watu wakiteka. Dua za Mzee Ngwali zilisikika tena. Mize alikuwa na swali lililomkaa moyoni kwa muda mrefu.

"Bibi, Bi Tatu angeliingia siku ile, Jaribu angelikuwapo?"

Bi Mwatima aliwatazama waliokuwa wakiteka.

"Umri wautoa Mungu, mjukuu wangu. Lakini ulimi ametupa siye. Watu walitustahi, na siye tukapenda kustahiwa, na katikati ya heshima hiyo mtoto akatupotea. Babu yako alitoa maji ili watu wanywe, hakuyatoa ili asifiwe. Sadaka ikiingia uchafu, husafishwa. Ukiifunika kwa uongo, wamdhulumu aliyeitoa na wamdhulumu anayeinywa. Basi ukiulizwa neno lenye uhai wa mtu ndani yake, sema kweli, hata kama yakuchoma weye na nyumba yako."

"N'tasema, Bibi."

Bi Mwatima alitikisa kichwa kukubali. Kisha yeye, ambaye tangu siku ya maziko hakuna aliyemwona akitoa chozi, alikaa chini kwenye ukuta mpya wa kisima, akajifunika uso kwa kanga, akamlilia mjukuu wake mbele ya watu wote.