Weupe Ndani ya Mtungi

Kila nikitoka shule nilipitia kwa shangazi, mtengenezaji wa dawa za kuchua, nimsaidie kuosha chupa. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya nyumba. Kilikuwa na dirisha moja dogo na ukimya ulionifanya nitembee kwa kunyata. Ndani ya kabati mlikuwa na mtungi wa kioo uliojaa spiriti iliyolowekwa majani ya mkaratusi kwa wiki sita. Dawa hiyo ilikuwa ya kijani, angavu kabisa. Shangazi alinikataza kuugusa. La mkuu nililisikia vizuri. Kulifuata ndiko kulikonishinda.

Siku hiyo nilikuwa peke yangu. Niliuinamisha mtungi ninuse kidogo tu, ukaniponyoka, na vikombe kama viwili vikamwagika sakafuni. Nilipangusa haraka, nikachota maji safi na kujazia mpaka kwenye alama.

Mara weupe ukazaliwa katikati ya mtungi. Ulijikunja, ukapanda polepole, ukatanda hadi ukagusa kioo upande wangu. Hakuna aliyekoroga. Nywele zilinisimama! Nilifunga kabati nikatoka mbio.

Kesho yake mtungi wote ulikuwa mweupe kama jicho la kipofu. Shangazi aliutazama mara moja tu.

"Mtu ametia maji humu."

Nilishtuka. Nani amemwambia? Nilihisi ule weupe unanitazama mimi.

Shangazi akamgeukia Mama Kimya, mwenzake wa kazi, aliyefunga chumba jana yake. "Dada, miaka tisa tumekula sahani moja. Leo unachota dawa na kujazia maji?"

"Sijaugusa, dada."

"Basi mtungi umejinywa wenyewe?"

Mama Kimya alivua aproni, akaikunja taratibu, akaiweka mezani na kuelekea mlangoni. Roho iliniuma nikashindwa kuvumilia.

"Ni mimi, shangazi! Nilimwaga, nikaongeza maji. Halafu likatokea jini!"

Shangazi hakufoka. Alimimina dawa kidogo kwenye glasi, akaongeza spiriti. Weupe ulififia, ukatoweka mbele ya macho yangu. Nilizidi kuogopa.

"Hakuna jini, mwanangu. Majani yana mafuta, na mafuta hayapatani na maji. Spiriti ndiyo inayoyabeba. Lakini maji yakizidi, spiriti hushikamana na maji, mafuta yakaachwa. Yanageuka matone madogo mno, ndiyo weupe ule. Nikiongeza spiriti, yanabebwa tena."

Kisha akamfuata Mama Kimya mlangoni. "Dada, nisamehe. Nimekuhukumu kabla ya kuuliza."

Mama Kimya alifunga tena aproni yake. "Nimekusamehe. Ila leo usinisemeshe."

Nami nilimwomba radhi huku nikilia. Shangazi akanishika bega.

"Umemsikia? Dawa iliyomwagika nitaloweka nyingine, wiki sita itakuwa tayari. Moyo wa huyu sijui utachukua wiki ngapi. Ukikosea, sema siku ileile, kabla mwingine hajabebeshwa kosa lako."