Mama Aliyeuliza Njia Stesheni

Kila siku baada ya masomo, Kasuku alikwenda moja kwa moja stesheni ya reli, alikofanya kazi shangazi yake aliyemlea. Shangazi aliuza tiketi dirishani. Kasuku alikaa kwenye benchi kando ya dirisha hilo, akifanya kazi za shule mpaka zamu iishe warudi nyumbani pamoja. Jina la Kasuku alipewa na wapagazi, kwa kuwa msichana huyo alijua kuiga sauti ya kila mtu.

Zaidi ya wote alipenda kumwiga shangazi, maana shangazi alikuwa na ulimi wa upanga. Abiria akikawia kidogo tu, alimwuliza, "Umekuja kusafiri au kupunga upepo?" Kasuku alipoyaiga maneno hayo, wapagazi walicheka mpaka wakashika mbavu.

Siku moja treni zilichelewa, na abiria wakapandwa na hasira. Bwana mmoja mwenye tai aligonga kioo kwa ngumi. "Mnalala humo ndani? Mjinga mkubwa wewe!" Shangazi akamkatia tiketi, akaisukuma dirishani kwa nguvu.

Aliyefuata alikuwa mama wa makamo, amebeba kikapu cha nguo safi za mgonjwa. Alipopewa tiketi yake aliuliza taratibu, "Samahani, dada. Treni ya kwenda hospitali kuu inasimama wapi? Mwanangu amezidiwa."

"Kasome ubao!" shangazi alifoka, bila hata kumtazama.

Mama yule akamgeukia Kasuku. "Mwanangu, hebu nielekeze wewe."

Kasuku akaigiza sauti ya shangazi. "Kasome ubao! Au macho umeyasahau nyumbani?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mama akainamisha kichwa. Hakumwuliza mtu mwingine. Alikwenda akapanda treni ya kwanza aliyoiona, na Kasuku alijua kwamba hiyo ilielekea upande mwingine kabisa. Alitaka kumwita, lakini wapagazi walikuwa bado wanamsifu, naye sifa zikamlevya. Treni ikaondoka.

Baada ya siku chache, mama yule alirudi stesheni pamoja na kaka yake, aliyekuwa akimuuguza mgonjwa hospitalini. Nyuma yao, juu ya mkokoteni, kulikuwa na jeneza. Walikuwa wakimpeleka marehemu nyumbani kuzikwa.

Mama alimtambua Kasuku. Akasimama mbele yake. Hakupaza sauti.

"Mimi sijui kusoma, mwanangu," alisema. "Niliona haya kulisema mbele za watu. Nilifika hospitali kesho yake, nikakuta wameshamfunika shuka."

"Aliuliza mama yuko wapi mpaka sauti ikamkauka," kaka yake aliongeza kwa uchungu. "Na ninyi hapa mlikuwa mnacheka!"

Kasuku alitaka kusema samahani, lakini kilichotoka ni kilio. Shangazi, aliyesikia yote, akatoka ofisini na kupiga magoti pale pale sakafuni.

"Msimlaumu mtoto," alisema. "Maneno yale aliyaokota kwangu. Nilitukanwa na mtu mwingine, nikakutolea hasira wewe usiye na kosa. Nisamehe, dada yangu."

Machozi yalimtiririka mama yule.

Shangazi aliomba ruhusa kwa mkuu wa stesheni, naye akampa. Wapagazi walilipakia jeneza behewani kwa heshima, hakuna aliyethubutu kutania. Shangazi na Kasuku wakasafiri na wafiwa hadi kwao, wakashiriki mazishi. Waliporudi, mkuu alikuwa ameshamweka mhudumu mlangoni wa kuwaelekeza wasafiri, na akawaonya wafanyakazi wote kwamba atakayemfokea abiria atajibu mbele yake. Abiria nao walikatazwa kuwatukana wafanyakazi.

Usiku ule Kasuku hakuweza kula. "Shangazi, yule mama ametusamehe?"

"Alinishukuru kwa kumsindikiza. Kusamehe hajasema, na tusimharakishe." Shangazi alimvuta karibu. "Ukitukanwa, tusi hilo likomee kwako, usimpe mwingine. Na mtu akikuuliza njia, mjibu vizuri. Hujui anawahi nini. Neno la adabu lingetugharimu pumzi moja tu, tukamnyima. Sasa hata tukimpa maneno ya dunia nzima, mwanawe hayasikii."