Amependeza Sana, Mungu Amkuze

Majirani zangu, sogezeni viti. Hili ninalotaka kuwaeleza huenda limeshaingia nyumbani kwako nawe hujui, maana halivunji mlango wala halipigi kelele. Liliingia kwa watu wema, wanaopendana, likakaa nao miezi minne kama mgeni wa heshima.

Kulikuwa na fundi friji ambaye wenzake wa karakana walimbandika jina la Toleo Jipya, kwa kuwa hakuna kitu kipya kilichotoka yeye asikijaribu. Jumapili moja asubuhi alikuwa uani na mkewe, mshona magauni, wakimwogesha binti yao wa kwanza kwenye beseni la bluu. Mtoto alikuwa na miezi mitatu, mapaja yamejaa mikunjo, na kila mtu alimwita Bonge. Bonge alipiga maji kwa mguu, yakamrukia mama yake usoni, mama akaangua kicheko. Toleo akainua simu akinase kicheko hicho. Simu ikamwambia nafasi imejaa.

"Si ufute chache," mkewe akasema huku akijipangusa.

"Nifute ipi? Hii anayopiga chafya? Hii aliyolala?"

"Za kulala ziko arobaini, Baba Bonge, na zote kalala vilevile."

Lakini kufuta hakuthubutu, maana picha zile zilikuwa na mwenyewe. Mama yake, mkunga mstaafu, aliishi mbali, mwendo wa saa tano kwa basi, na magoti yake yalikuwa yameshagoma safari. Mjukuu alikuwa hajamshika hata siku moja. Toleo aliponunua simu mpya alimpa mama ile ya zamani, akamwekea maandishi makubwa, na kila jioni alimtumia picha. Mama naye alizitazama kwa jicho la kazi. "Mbona soksi moja?" angeandika. "Kitovu kimepona vizuri. Mwinueni kichwa akinyonya." Siku moja aliona kwenye kona ya picha sufuria limekaa ukingoni mwa jiko, akapiga simu papo hapo, mkwewe akapewa za uso.

Jumatatu yake, karakanani, Toleo alikuwa akisubiri friji la mteja lianze kupoa. Mikono ilimwasha, akaingia kwenye mipangilio ya simu. Humo akakuta aina mpya ya faili za picha: picha ni ileile, safi vilevile, ila inakula nusu tu ya nafasi. Nami nisiwadanganye, kitu chenyewe ni kizuri. Ni kama kumpata mtu anayejua kukunja nguo, sanduku lililokuwa halifungi likafungika na nafasi ikabaki. Toleo akawasha aina hiyo mpya, akageuza na picha zote za zamani. Na kwa vile alitaka mama apate picha ilivyo, bila kupungua hata chembe, akaanza kumtumia kama faili kamili.

Jioni hiyo alituma tatu. Jibu likaja: "Amependeza sana, Mungu amkuze."

Kesho yake: "Amependeza sana, Mungu amkuze." Na keshokutwa hivyohivyo.

Toleo alifurahi. Karakanani alitamba kwamba picha zake sasa zimekuwa safi mpaka mama amekosa kasoro ya kusema. Simu za Jumapili nazo zikafupishwa. Zamani walizungumza hadi sikio likapata joto, sasa ilikuwa, "Mama, picha umeziona?" "Nimeziona, mwanangu." "Haya mama, ngoja nimalizie kazi." Ile safari waliyokuwa wakiipanga tangu mtoto azaliwe ikasogezwa mwezi, ikasogezwa tena. Mke alipomkumbusha, alimjibu, "Haraka ya nini? Mama anamwona mtoto kila siku."

Hapo, ndugu msomaji, ningekuwa karibu ningemshika masikio. Hakuwa mtu mbaya. Aliridhika tu mapema.

Bonge akafikisha miezi saba. Jumamosi moja mchana, mama yake alipomwinua usingizini alimkuta shingo na tumbo vimejaa vipele vyekundu. Mtoto alikuwa anacheza, lakini mzazi wa mtoto wa kwanza akiona chekundu haoni kingine.

"Mtumie mama upesi," mke akasema. "Yeye atajua."

Toleo akapiga picha ya shingo, ya tumbo na ya mgongo. Kwa haraka hakuandika neno. Aliona mkunga hahitaji maelezo. Akatuma. Wakasimama wote wawili wakiikodolea macho simu. Haikuchukua muda.

"Amependeza sana, Mungu amkuze."

Mke alisoma, akarudia kusoma. "Baba Bonge, mama kazalisha nusu ya mji ule. Anamwona mtoto mwekundu shingo nzima, anasema kapendeza?"

"Labda hakuangalia vizuri."

"Nani, mama? Mama huyu aliyeona sufuria?"

Akamnyang'anya simu, akaanza kupandisha ujumbe juu kwa kidole. Wiki hadi wiki, mwezi hadi mwezi, ilikuwa sentensi ileile moja. Alipofika juu kabisa akakuta "Mbona soksi moja?" na hapo akasimamisha kidole. Toleo alitazama tarehe, akaikumbuka Jumatatu ile ya karakana. Akakaa kwenye kreti la nepi.

Alipiga simu, na safari hii hakuuliza swali lake la siku zote.

"Mama, kwenye picha za leo umeona nini?"

"Nimemwona mtoto."

"Kavaa nini?"

Upande wa pili walisikia jogoo wa jirani yake mama, na mlango ukifungwa.

"Usinikasirikie, mwanangu," mama akasema. "Naona kisanduku cha kijivu. Kimekuwa hivyo miezi minne. Nilijua macho ndiyo yameisha."

"Lakini ujumbe unausoma, mama!"

"Si uliniwekea maandishi makubwa wewe mwenyewe? Nikasema, herufi naziona kwa ukubwa, picha ndiyo imenishinda. Hata sindano zangu za kufumia nimempa jirani. Kwa macho gani nifume?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeona hakuna faida, ungeacha kutuma. Nilikuwa nakifungua kila jioni, hichohicho kisanduku. Nakiangalia, namwombea mtoto, nalala."

Toleo alilia. Alilia mbele ya mkewe na mbele ya Bonge, ambaye alidhani ni mchezo akacheka. Kisha, fundi ni fundi, akajifuta kwa mkono wa shati na kushika kazi. Akawaeleza wote wawili kwamba macho hayana kosa: simu ile ya zamani haijui kufungua picha za aina mpya, na yeye ndiye aliyezibadilisha bila kuuliza. Akageuza picha ya tumbo kuwa ya aina ile ya zamani, akaituma.

Simu iliita kabla hajaiweka chini.

"Nani kamzongomeza huyo mtoto blanketi la manyoya na jua lote hili?" Sauti ya mama ilijaa chumba kizima. "Hivyo ni vipele vya joto! Mvueni, mwogesheni maji ya kawaida, mwacheni apate hewa. Visipopungua kesho, mpelekeni kliniki. Na wewe, kutwa unapooza nyama za watu, mwanao unamwoka!"

Mke alicheka hadi akashika ukuta.

"Na macho, mama?" Toleo akauliza.

"Macho gani? Namwona mpaka kucha hazijakatwa." Halafu sauti ikashuka. "Kumbe kachukua pua ya baba yako."

Vipele vilipungua kesho yake. Jumamosi iliyofuata walipanda basi. Bibi alimpokea Bonge mlangoni, akamlaza kitandani, akamvua nguo zote na kumkagua kuanzia utosini hadi kisiginoni, kama mtu anayesoma barua iliyochelewa sana. Hakuna aliyemharakisha. Alasiri jirani alirudisha sindano za kufumia bila kuombwa.

Simu ya Toleo bado inahifadhi picha kwa aina ile mpya, na nafasi anayo tele. Lakini ya kumtumia mama huigeuza kwanza, na Jumapili anapiga simu, sikio linapata joto. Juzi alituma picha ya Bonge amesimama akishikilia beseni la bluu, akauliza, "Mama, unaona nini?"

Jibu likaja: "Naona mtoto kavaa gauni nyuma mbele, na baba yake amesimama hapo anapiga picha."

FUNZO

Ndugu zangu, sikatazi kipya. Picha zinazokula nafasi ndogo ni neema, zitumieni. Ninachokataza ni kubadilisha kitu mnachokitumia wawili kisha ukamwuliza mmoja tu, nafsi yako. Kabla hujatuma, jua simu ya mwenzako inafungua nini. Ukishatuma, usiulize "umeona?" maana mzazi atakujibu ameona, hata kama anatazama kisanduku cha kijivu. Uliza "umeona nini?" Na nyinyi wazazi, msipoona semeni, wala msijihukumu kwa kosa la simu.

Zaidi ya yote, mtu aliyezoea kukugombeza akianza kukusifia kwa maneno yaleyale kila siku, usitambe. Mpigie simu leo. Tena kama basi lipo, panda.