Mtunzi wa Wimbo wa Mfalme

Wasichana wa kwaya walikuwa thelathini, lakini Mwalimu Jerono alisikia sauti ya thelathini na moja: besi nzito ya mzee, ikitoka katikati ya watoto wa darasa la sita.

Ilikuwa 1987, Kimilili. Jerono alikuwa ametunga wimbo wa kumsifu mtawala, uimbwe mbele yake kwenye sherehe Kitale. Wiki tatu nzima wimbo uligoma. Kila wakifika ubeti wa tatu, wasichana waliteleza wakaimba, "Mfalme wetu wa ng'ambo, utawale," na darasa likanuka ugoro, mchana kweupe.

"Nani amewafundisha huo?" Jerono alifoka, akipiga dawati.

"Si sisi, mwalimu," Nekesa alinong'ona. "Ni huyo mzee anatuimbisha."

Hakuthubutu kumwonyesha kwa kidole.

Jerono alikwenda Kabuchai kwa Mzee Barasa, aliyetunza vitabu vya kanisa tangu ujana. Alipoimba ule mstari, mzee aliweka kikombe chini.

"Huo ni wa Festus, mwalimu wetu wa kwaya, mzee wa kunusa ugoro. Aliutunga mfalme wa Waingereza alipotawazwa. Mzungu wa wilaya akaandika ati ni wake. Festus akaenda Bungoma kulalamika, wakamchapa viboko. Alikufa na uchungu huo. Mtaje mbele ya watu, mama, atanyamaza."

Siku ya sherehe, Jerono alishika kipaza sauti. "Tunamkumbuka Festus wa Kabuchai, mtunzi aliyenyang'anywa wimbo wake."

Kagwe, msimamizi wa sherehe, alimpokonya kipaza sauti. Lakini ile harufu ya ugoro, iliyowafuata hadi uwanjani, ilikuwa imekatika. Wasichana waliimba hadi mwisho, thelathini tu, na uwanja ukalipuka kwa vigelegele.

Kagwe akasogea mbele ya jukwaa. "Mtukufu, wimbo huu nimeutunga mimi."

"Bwana Kagwe, si huo ni wangu?" Jerono alisema.

"Nyamaza, kama unataka kazi."

Akageukia umati aendelee, mdomo ukafunguka, ugoro ukanuka jukwaa zima, na badala ya hotuba ikatoka ile besi, "Mfalme wetu wa ng'ambo, utawale," tena na tena, macho yamemtoka, mikono ikijaribu kuufumba mdomo usiofumbika, mpaka askari wakambeba, naye bado anaimba.

Jioni hiyo amri ilitoka: wimbo wa kwaya ya Kimilili usiimbwe tena popote. Jerono aliandika barua tatu kueleza kwamba ni wake. Hakuna aliyemjibu. Festus alikuwa amepata wa kumtaja. Yeye angetajwa na nani?