Walianguka Wote, Nikajiona Bingwa

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na minne, nina mke na watoto wawili, naishi Sekei hapa Arusha. Jicho langu la kushoto halioni kabisa. La kulia nalo limeanza kuona ukungu hata mahali pasipo na ukungu. Kwa hiyo mkasa huu ninausimulia kwa mdomo na mke wangu Anna ndiye anayeandika. Mkikuta neno limekaa vibaya msimcheke, maana tangu tuanze ameshalia mara mbili... Na amekubali kuandika hata yale yanayomhusu kaka yake wa tumbo moja.

Nilizaliwa Olmotonyi, kwenye nyumba ya Waarusha wenye ng'ombe wachache na shamba la mahindi. Nilipopata kazi kwenye kiwanda kimoja cha umma huku mjini, nilijiunga na klabu ya ngumi ya wafanyakazi. Hapo ndipo nilipomkuta Mwalimu Kaaya, Mmeru mmoja mfupi, mtunza stoo, mtu asiyejua kusifia kitu chochote isipokuwa ndizi za nyumbani kwao.

Nilikuwa na ugonjwa mmoja. Nikishatupa ngumi ya kushoto, mkono haukurudi kulinda shavu, ulishuka mpaka kiunoni kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Mwalimu Kaaya aliutibu ugonjwa huo kwa ndala. Mkono ukishuka tu, paa! Ananichapa ndala ya shavu mbele ya watu wote. Wenzangu walicheka hadi kukaa chini, hasa Loishiye, rafiki yangu tuliyechunga naye ng'ombe tangu utotoni na tuliyeajiriwa naye kiwanda kimoja. Nilimchukia sana yule mzee na ndala yake!

Kisha ikaja ile miaka ya ruksa. Maduka yakajaa bidhaa, mitumba ikamwagika kila kona, na kiwanda chetu kikauzwa. Tukapunguzwa kazini, mimi na Loishiye na Mwalimu Kaaya pia. Klabu ikafa. Mtu na kazi yake leo, kesho anazunguka sokoni akitafuta mzigo wa kubeba... Nani hakuyaona mambo hayo?

Katika shida ile akatokea shemeji yangu Aloyce, kaka yake Anna. Alikuwa na duka la vipuri, suti nzuri, na maneno matamu kuliko suti. Ngumi za kulipwa zilikuwa zimeanza kupamba moto, naye akaamua kuwa promota. Akaja nyumbani na habari iliyonikosesha usingizi: amezungumza na watu wa Dar es Salaam, na mimi nitagombea mkanda wa taifa hapa hapa Arusha! Mpinzani alikuwa bondia ambaye kila mtu alijua mkono wake wa kulia unalaza watu. Lakini kabla ya hapo, Aloyce akasema, nitapigana mapambano matatu madogo ya kupasha misuli.

Nikamwita Mwalimu Kaaya aninoe. Alipotajiwa wapinzani wawili wa kwanza waliopangwa, alikataa palepale. Alisema anamjua bondia mmoja mgumu kule Tanga, mzee kidogo lakini mjanja, na kwamba huyo ndiye anayenifaa.

"Mletee mtu wa kumuumiza sasa, angali na muda wa kupona," alimwambia Aloyce. "Hawa wako watamfundisha uongo."

Aloyce alicheka. Alisema bondia hujengwa kwa moyo, na moyo haujengwi kwa kipigo, hujengwa kwa kushinda. Wakanigeukia mimi. Na mimi, ndugu zangu, nilimchagua nani? Nilimchagua anayenisifu! Mwalimu Kaaya alikusanya glovu zake za zamani kwenye mfuko wa salfeti akarudi kwao mlimani. Hakunigombeza hata kidogo.

Mpinzani wa kwanza alikuwa baba mmoja wa Kisongo mwenye kitambi, ambaye nadhani glovu alikuwa hajazivaa tangu aoe. Raundi ya pili nilimgusa tu akakaa chini. Nakumbuka kabla hajakaa alitupa jicho pale Aloyce alipokuwa amesimama... Niliona, lakini nani anataka kuuliza maswali watu wanapomshangilia? Wa pili alikuwa kijana wa machimbo ya Mererani, amekonda, anakohoa. Huyo hakumaliza hata raundi ya kwanza.

Wa tatu alikuwa Loishiye.

Nilishangaa kusikia jina lake, lakini Aloyce alisema rafiki ndiye mpinzani mzuri kwa sababu anakujua. Tulipigana kwa furaha kabisa. Raundi ya pili ngumi yake ya kulia ilipita karibu na sikio langu, nikasikia upepo tu. Nilimcheka. Nikamwambia, "Ero, kijana wewe, unapiga nzi?" Naye hakucheka. Raundi ya nne nikampiga ya tumbo, akapiga goti, mwamuzi akahesabu mpaka kumi.

Basi, mji mzima ukawa wangu! Picha yangu ilibandikwa kwenye kuta kuanzia sokoni hadi Sekei, imeandikwa HAJAPIGWA. Watoto walinifuata barabarani wakirusha ngumi hewani. Kanisani nilisimamishwa nikaombewa. Yeyo wangu, mama aliyenizaa, alishuka kutoka Olmotonyi na kibuyu cha maziwa, akanishika mikono yote miwili akasema sasa atazeeka kwa amani. Na mkono wangu wa kushoto? Ulikuwa umerudi kule kule kiunoni. Watu watatu nilipigana nao na hakuna hata mmoja aliyeuadhibu. Nikaamini nimepona bila dawa.

Siku ya pambano ukumbi ulifurika. Kwenye kona yangu alikuwepo Aloyce na suti yake, na Loishiye na ndoo ya maji. Raundi ya kwanza nilicheza vizuri, nikasikia jina langu likiimbwa. Raundi ya pili nikatupa ngumi ya kushoto... mkono ukashuka... na mkono wa kulia wa yule bwana ukanifikia jichoni.

Nilianza kushangaa kabla ya kuumia. Hivi ndivyo ngumi ilivyo? Nilikuwa nimesahau! Ndugu msomaji, mtu aliyekaa miezi bila kupigwa ni sawa na mtu ambaye hajawahi kupigwa. Nikatupa tena, nikapigwa tena pale pale. Yule bondia aliliona tundu kwenye raundi moja tu na hakutafuta mahali pengine pa kupiga.

"Mkono! Ero, mkono!" Loishiye alikuwa anapiga kelele huku analia.

Hata katika maumivu yale nilijiuliza: kama Loishiye analijua tundu langu, mbona yeye hakulipiga?

Raundi ya tano jicho lilikuwa limefumba na damu inaingia mdomoni. Nilipoketi konani nilimwambia shemeji yangu sioni. Alinijibu kwamba watu wamelipa viingilio. Loishiye alichukua taulo ili alitupe ulingoni, kuomba pambano lisimamishwe. Aloyce akampokonya, akaliweka kwenye kiti, akalikalia! Ndiyo, alilikalia taulo langu mpaka raundi ya saba nilipoanguka kifudifudi. Watu wanasema mwamuzi alihesabu mpaka kumi. Mimi sikusikia kitu.

Nilipelekwa hospitali, baadaye Moshi kwa madaktari wa macho. Walijitahidi wakashindwa. Aloyce hakuja hata siku moja. Anna aliporudi Arusha kuchukua nguo aliona picha mpya ukutani, palepale ilipokuwa yangu: yule bondia aliyenipofusha, na chini yake jina la promota wake, kaka yake Anna. Kumbe mazungumzo yao yalianza zamani! Alitaka mtu mwenye sifa ya kutopigwa wa kumwekea bondia wake mpya. Nilinoneshwa kama mbuzi wa sikukuu, na mwenye kisu alikuwa anakula kwangu.

Siku moja nikiwa nimelala wodini, bandeji usoni, nilisikia ndala zikiburuzwa sakafuni. Nilimjua kabla hajasema.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Nilisubiri aniambie nilikuonya. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa unaning'inia nje ya kitanda. Aliuinua taratibu, akauweka shavuni kwangu, akaushikilia hapo. Nililia mpaka muuguzi akaja kutazama kuna nini.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa uchungu. Wapi! Niliporudi nyumbani Loishiye alikuja kunitembelea, akapewa chai akaiweka chini. Kisha akasema kwamba Aloyce aliwaambia wote watatu waanguke. Yeye aliambiwa kwamba akiniumiza pambano kubwa litafutwa na watoto wangu watalala njaa.

"Raundi ya pili niliona mkono wako umeshuka," alisema. "Ngumi nilishaitupa. Nikaipeleka pembeni kwa makusudi. Nilikuonea huruma, ndugu yangu. Ningekupiga siku ile ungelala ulingoni, lakini leo ungekuwa unaniona kwa macho yote mawili."

Niwaambie nini? Aloyce nimeshaacha kumfikiria, kwa sababu hakuwahi kunipenda. Kinachonikosesha raha ni yule aliyenipenda! Loishiye ndiye anayenipeleka kanisani kila Jumapili. Anatembea upande wangu wa kushoto, kule nisikoona, ameushika mkono ule ule. Nautafuta moyo wa kumsamehe, siku nyingine naupata, siku nyingine unaniponyoka tukiwa bado njiani.

Nawasihi wasomaji wenzangu, hasa vijana mnaoingia kwenye ngumi, na hata nyie wa biashara na masomo mnaojipima kwa watu dhaifu. Ukiona kila mtu anaanguka mbele yako, usishangilie, uliza kwa nini. Mtafute yule wa Tanga. Mrudishe mwalimu uliyemfukuza, na ndala yake.

Nanyi mnaompenda mtu anayekwenda kwenye pambano kubwa, nawaomba kwa jina la Mungu... mkiona mkono wake umeshuka, mpigeni! Mpigeni nyie, mapema, angali na macho mawili ya kuwakasirikia.